Amigdali: Je, mtu anaweza kupima mwenyewe ukubwa wake mbele ya kioo?

Usiku, iwe Goma, Bukavu, Uvira au Butembo, picha ni ile ile. Mtoto analia koo. Mama anawasha tochi ya simu, anamwambia afungue kinywa, atoe ulimi inje, aseme "aaa". Kule nyuma, upande wa kuume na wa kushoto, anaona vinyama viwili vyekundu. Anaviona vikubwa sana. Kabla ya kulala uamuzi umekwisha kupita: mtoto ana amigdali, asubuhi inunuliwe amoksisilini kwenye farmasi ya jirani. Na kama ni mara ya tatu mwaka huu, baba anaanza kuuliza bei ya kumpasua.

Watu wazima nao hujipima hivyo hivyo mbele ya kioo cha chumba. Wengine hujipiga picha ya koo na kuituma kwa ndugu aliyesomea uganga, wakingoja jibu moja tu: ni kubwa au si kubwa?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake hugeuka kuwa pesa, dawa na mara nyingine kisu. Tiba ya kisasa imelichunguza kwa karibu miaka mia moja. Kuona amigdali zako, unaweza. Kuzipima sawasawa ni kazi ngumu. Na hata ukizipima vizuri, kipimo hicho peke yake hakimwambii muganga afanye nini.

Kinachopimwa ni nini?

Amigdali, ambazo Kiswahili cha vitabu huziita mafindofindo zikivimba, ni tezi mbili za kinga zinazokaa pembeni mwa koo, kila moja ndani ya shimo lake, katikati ya mikunjo miwili ya nyama. Ni sehemu ya duara la tezi linalozunguka mlango wa koo, duara lililopewa jina la Mjerumani Waldeyer aliyelieleza katika karne ya 19. Ndani ya duara hilo kuna pia tezi nyingine nyuma ya pua, ambayo waganga wanaita adenoidi. Hiyo haionekani kwa kioo wala kwa simu, hata ufungue kinywa namna gani.

Ili kusema lugha moja, waganga wa masikio, pua na koo, wale wanaoitwa kwa kifupi ORL, hutumia ngazi za namba. Iliyoenea zaidi ni ya Linda Brodsky, muganga Mmarekani aliyeipendekeza mwaka 1989. Haipimi sentimita. Inauliza amigdali zote mbili zimekula sehemu gani ya njia ya koo, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Sifuri maana yake zimejificha ndani ya mashimo yake. Moja, zimeziba robo ya njia au chini ya hapo. Mbili, zimefika hadi nusu. Tatu, zimefika hadi robo tatu. Nne, zimepita robo tatu na zinakaribia kugusana.

Kwa hiyo amigdali ile ile inaweza kuwa mbili kwa mtu mwenye koo pana na tatu kwa mwenye koo jembamba. Anayejitazama kwenye kioo hana koo la pili la kulinganisha. Ameona koo moja tu maishani mwake, lake, na hata hilo analitazama siku linapouma. Muganga ametazama maelfu, ya wazima na ya wagonjwa.

Na kinachoonekana si amigdali yote. Iliyozama ndani ya shimo inaweza kuwa nene na kuonekana ndogo. Iliyokaa juujuu inaweza kuwa ya kawaida na kuonekana kama yai. Ndiyo maana wazazi wengi hushtuka wakiona upande mmoja umezidi mwingine. Kwa watoto, mara nyingi tofauti hiyo inatokana na kina cha shimo, si na ukubwa wa tezi yenyewe.

Ulimi inje, "aaa", na kosa linaanza

Namna tunavyotazama nyumbani ndiyo inayoharibu kipimo. Muganga anayefuata utaratibu humwacha mgonjwa akae wima, ulimi ubaki ndani ya kinywa, apumue polepole, kisha anaukandamiza kidogo kwa kijiti sehemu ya mbele. Hagusi nyuma. Anajua kwamba mtu akitaka kutapika, misuli ya koo hujikaza na kuzisukuma amigdali kuelekea katikati, na zinajigeuza kidogo. Kwa sekunde hizo chache, mbili inageuka kuwa nne.

Nyumbani tunafanya kinyume chake. Ulimi unatolewa hadi mwisho, kijiko kinasukumwa hadi nyuma, mtoto analia na kutaka kutapika. Picha inapigwa katika sekunde hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo sekunde ambapo amigdali "zinaonekana vizuri". Simu nayo inaongeza yake: ikisogezwa karibu sana, kamera hukuza kilicho mbele kuliko kilicho nyuma. Tochi yake nyeupe inafanya koo la kawaida lionekane jekundu kama lililochomwa.

Kuna kosa jingine ambalo karibu kila familia hulifanya, lile la kupima kwa vidole. Mtu anagusa chini ya taya, anakuta uvimbe kama punje ya haragi, anasema amigdali zimevimba. Lakini amigdali hazishikiki kutoka inje. Kinachoguswa pale ni tezi za shingo, zinazopokea maji ya mwili kutoka kooni na kwenye meno. Kwa mtoto zinaweza kubaki zimevimba majuma kadhaa baada ya mafua kupona, bila kumaanisha kwamba kuna ugonjwa mpya. Hisia ya kitu kilichokwama kooni nayo haipimi chochote: wako wenye amigdali za ngazi ya nne wasiosikia lolote, na wako wanaosongwa kooni kila siku na amigdali zao ni ndogo.

Na vile vidonge vyeupe vyenye harufu mbaya vinavyotoka kwenye matundu ya amigdali? Wengi huviona kwa kioo na kufikiri ni usaha. Mara nyingi ni mabaki ya chakula, chembe zilizokufa na vijidudu vilivyogandamana. Vinaudhi, vinanukisha kinywa, lakini havihitaji antibiotiki.

Waganga wenyewe walipotahiniwa

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mgonjwa hajui na muganga anajua. Historia haikubali. Mwaka 1934, shirika la American Child Health Association lilitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto 1,000 wa shule mjini New York, wa miaka 11. Wakati ule kukata amigdali kulikuwa kama kunyoa nywele: kati ya hao 1,000, watoto 611 walikuwa wamekwisha kukatwa. Wale 389 waliobaki walipelekwa mbele ya waganga wa shule. Waganga wakasema 174 kati yao wanahitaji kupasuliwa.

Hapo uchunguzi ukachukua njia isiyotarajiwa. Wale 215 walioambiwa hawana shida walipelekwa kwa waganga wengine. Hao wakachagua 99 wa kupasuliwa. Wakabaki watoto 116, waliokwisha kupita mara mbili. Wakapelekwa tena. Waganga wa mara ya tatu wakachagua 51. Zoezi likasimama likiwa na watoto 65 tu ambao hakuna aliyetaka kuwakata.

Tazama hesabu hiyo kwa makini. Kila mara, katika kundi lolote lililoletwa, waganga walichagua karibu asilimia 45, hata kundi lilipokuwa la watoto waliokwisha kuitwa wazima mara mbili. Ni kama walikuja na kipimo kichwani: karibu nusu ya watoto lazima wawe na amigdali mbaya. Harry Bakwin, muganga wa watoto, aliyarudia matokeo hayo mwaka 1945 katika makala juu ya imani zisizo na msingi katika uganga wa watoto, na tangu hapo yanafundishwa katika vyuo.

Huko Uingereza, J. Alison Glover alionyesha mwaka 1938 jambo linalofanana na hilo. Katika mtaa wa Hornsey, karibu na London, watoto wa shule 186 walikatwa amigdali mwaka 1928. Mwaka uliofuata walikuwa 12. Makoo ya watoto wa Hornsey hayakubadilika kwa mwaka mmoja. Aliyebadilika ni muganga wa shule.

Hali imekuwa bora tangu ngazi za namba zianze kutumika. Zilipojaribiwa, waganga waliozoezwa kutumia ngazi ya Brodsky walikubaliana vya kutosha, na muganga mmoja akitazama koo lile lile mara ya pili hutoa karibu namba ile ile. Lakini tunazungumza juu ya watu wanaofanya kazi hiyo kila siku, mwanga ukiwa kichwani na mgonjwa akiwa ametulia.

Ukubwa si ugonjwa

Sasa tuseme mama wa Bukavu amebahatika kupima sawasawa, na mwanawe wa miaka 5 kweli ana amigdali za ngazi ya tatu. Bado hajapata jibu. Amigdali hukua zaidi kati ya miaka 3 na 7, wakati mtoto anakutana na vijidudu vingi, kisha hupungua akielekea ujana. Mtoto wa miaka 5 mwenye amigdali kubwa, anayekula vizuri, anayelala kimya na asiye na homa, si mgonjwa.

Upande wa maambukizi, koo nyingi zinazouma zinaletwa na virusi, na hapo antibiotiki haisaidii kitu. Kijidudu kinachowatia waganga wasiwasi ni streptokoki. Kwa watoto wanaoumwa koo, kinapatikana kwa 20 hadi 30 kati ya 100. Kwa watu wazima ni wachache zaidi. Kisipotibiwa kinaweza kuleta homa ya viungo inayoharibu moyo, ugonjwa ambao bado unawapiga watoto wa Afrika. Penisilini ikianzishwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, inauzuia.

Ili kumtafuta mgonjwa huyo, waganga hutazama mambo manne: je, kuna homa? Je, tezi za mbele ya shingo zinauma zikiguswa? Je, amigdali zimevimba au zina utando wa usaha? Je, mgonjwa hana kikohozi? Ukubwa wa amigdali umebanwa ndani ya alama moja kati ya nne. Mtoto mwenye kikohozi, makamasi na macho mekundu mara nyingi ana virusi, hata kama amigdali zimejaa koo.

Na kununua amoksisilini kwa kubahatisha kuna mtego wake. Virusi vya Epstein-Barr huvimbisha amigdali kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote, huzifunika kwa utando mweupe, na mtu yeyote angesema ni usaha. Mgonjwa huyo akipewa ampisilini au amoksisilini, mara nyingi mwili mzima hutoka vipele vyekundu. Familia inaanza kuogopa ugonjwa wa pili, na ni dawa. Katika majimbo yetu, ambako mpox ilisambaa kuanzia Kamituga mwaka 2023, vipele vya namna hiyo vinaweza kuzua hofu kubwa mtaani. Mpox yenyewe inaweza kuanza kwa koo kuuma na vidonda mdomoni. Anayetazama koo peke yake bila kutazama ngozi na kuuliza nani anaumwa nyumbani, ametazama nusu.

Kumbukumbu nayo inadanganya

Kama si ukubwa, basi ni nini kinachoamua kupasua kwa ajili ya maambukizi? Ni idadi. Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walitoa mwaka 1984 vipimo ambavyo waganga wengi bado wanavifuata: koo kuugua mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Na kila mara iwe imeandikwa, pamoja na homa, tezi, usaha au kipimo cha streptokoki.

Kwa nini kuandikwa? Kwa sababu kundi hilo hilo lilikwisha kupima kumbukumbu za wazazi mwaka 1978. Walichukua watoto 65 ambao familia zilisema wameugua koo mara nyingi sana, lakini bila karatasi. Wakawafuata, wakihesabu wenyewe. Watoto 11 tu ndio walioendelea kuugua kwa kiasi kilichosimuliwa. Wazazi hawakuwa waongo. Mtoto akiugua usiku wa manane, usiku mmoja huhesabiwa kama mitatu.

Hapa kwetu hoja hiyo ina uzito zaidi. Waganga wa ORL ni wachache na wamekusanyika mijini. Kumleta mtoto kutoka kijijini ni safari, chakula na kulala kwa watu. Kumpasua ni ganzi ya mwili mzima, na hatari kubwa ya upasuaji huu ni damu: inaweza kutoka siku ile ile, au kurudi kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati ukoko wa kidonda unapobanduka na mtoto amekwisha kurudi nyumbani. Kama nyumbani ni mbali na hopitali yenye damu ya kuongeza, familia inapaswa kulijua hilo kabla ya kutia sahihi.

Hatari ni kubwa zaidi pale ambapo macho peke yake yanatosha kuleta wembe. Katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Ethiopia, Niger na Nigeria, waganga wa kienyeji hukata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, kwa sababu tu wanakiona kirefu kwa mtoto anayekohoa au kutapika. Hopitali za nchi hizo zimepokea watoto waliovuja damu, wenye maambukizi makali, hata pepopunda. Kilimi chenyewe kilikuwa kizima.

Tazama anavyolala

Kuna ugonjwa mmoja ambapo ukubwa kweli una maana: mtoto kuzibwa pumzi usingizini. Amigdali na adenoidi zilizokua ndizo sababu ya kwanza ya shida hiyo kwa watoto. Lakini hata hapa namba ya koo ni shahidi dhaifu. Mwaka 2011, watafiti Nolan na Brietzke walikusanya tafiti zilizolinganisha ukubwa wa amigdali na vipimo vya usingizi vya usiku mzima; uhusiano ulikuwa mdogo. Wapo watoto wa ngazi ya pili wanaokosa pumzi na wa ngazi ya nne wanaolala kama malaika. Ile adenoidi isiyoonekana, umbo la taya, unene wa mwili na ulegevu wa misuli vyote vina sehemu yake.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, juu ya watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye shida hiyo kwa kiasi, uliwagawa makundi mawili. Waliopasuliwa, asilimia 79 walirudi kwenye usingizi wa kawaida baada ya miezi 7. Waliongojewa bila kupasuliwa, asilimia 46 walirudi pia. Upasuaji unasaidia, lakini kungoja kwa uangalizi si uzembe.

Mashine za kupima usingizi ni adimu katika sehemu zetu. Simu ile ile iliyotumiwa vibaya kumulika koo inaweza hapa kumsaidia muganga kuliko picha yoyote ya amigdali. Mwache mtoto alale. Mfunue kifua, kisha mpige filamu ya dakika mbili tatu anapokoroma zaidi. Muganga atataka kuona kama pumzi inakatika na kurudi kwa kishindo, kama kifua kinavutwa ndani, kama analala mdomo wazi na shingo imepindwa nyuma. Atauliza pia kama anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, na kama mwalimu analalamika kwamba anasinzia darasani au hatulii.

Kwa anayeugua koo mara kwa mara, kinachotakiwa ni daftari: tarehe, homa iliyopimwa, dawa iliyotolewa, jina la kituo cha afya. Daftari la mwaka mmoja linatosha kuanza mazungumzo.

Na ziko hali ambazo hazingoji daftari wala filamu. Mtoto anayetokwa na mate kwa sababu hawezi kumeza, anayepumua kwa sauti ya mluzi, au anayeshindwa kufungua kinywa huku sauti imekuwa nzito na upande mmoja wa koo umesukuma kilimi kando, apelekwe hopitali usiku huo huo: huenda kuna jipu nyuma ya amigdali. Utando wa kijivu ulioshikamana na koo, na shingo iliyovimba, unaweza kuwa difteria, hasa kwa mtoto asiyepata chanjo. Na mtu mzima anayeona amigdali moja inakua majuma kwa majuma, bila homa, bila maumivu mengi, ila anapungua uzito au ana uvimbe mgumu shingoni, aende kwa muganga wa ORL. Hapo macho yake mbele ya kioo huenda yameona kansa mapema, hata kama namba ameikosea.